Neno la Mtoto Nyumbani mwa Naamani

Andiko la kusoma: 2 Wafalme 5:1-14

Wewe unayesoma karatasi hii baada ya matangazo, msomee pia jirani yako asiyejua kusoma.

Leo tutazungumza juu ya moyo. Sisemi ule moyo wa kutubu peke yake. Nasema moyo wenyewe, huu wa nyama ulio ndani ya kifua chako, unaopiga sasa hivi wakati unanisikiliza. Mungu aliuumba kwa kadiri ya ukubwa wa ngumi yako. Unapiga karibu mara 100,000 kwa siku moja, hata ukiwa umelala. Nyumbani mwako hakuna mfanyakazi mwingine asiyejua siku ya mapumziko.

Lakini kwanza twende katika Neno.

Naamani alikuwa jemadari wa jeshi la Shamu. Mtu mkubwa, mwenye heshima mbele ya mfalme wake, mwenye mali na watumishi. Lakini alikuwa na ukoma. Nguo nzuri juu, ugonjwa chini. Nyumbani mwake mlikuwa na msichana mdogo aliyetekwa vitani kutoka Israeli. Biblia haitupi hata jina lake. Mtumwa, mgeni, mwanamke, na tena mtoto. Msichana huyo alimwambia bibi yake kwamba kule Samaria yuko nabii ambaye angeweza kumponya bwana wake.

Neno moja tu. Na neno hilo lilimtoa jemadari nyumbani kwake, likampeleka mbele ya mfalme, likamfikisha Yordani, likamrudisha akiwa mzima.

Wapendwa, mtazameni sana yule mama wa nyumba. Angeweza kumwambia, «Nyamaza, wewe mtoto, unajua nini?» Hakusema hivyo. Alisikia, akapeleka neno kwa mume wake. Na Naamani naye hakudharau. Kama watu wawili hawa wangedharau mdomo mdogo, Naamani angekufa na ukoma wake, akiwa na medali zake kifuani.

Sasa niwaambie kwa nini neno hili limenijia.

Tarehe 29 Septemba kila mwaka ni Siku ya Moyo Duniani. Katika shule moja ya hapa kwetu, msichana mmoja wa mwaka wa nne wa sekondari, binti wa kanisa letu anayesoma sayansi, alimwomba prefe dakika tano asubuhi, wakati wanafunzi wako kwenye mistari mbele ya bendera. Prefe akamkubalia. Binti akachora moyo kwa chokaa kwenye ubao, akaonyesha milango yake minne, akawaeleza wenzake jinsi milango hiyo inavyofunguka na kufunga ili damu isirudi nyuma. Kisha akawapa kazi ya nyumbani. Kila mwanafunzi aende kuwauliza wazazi wake swali moja: «Baba, mama, mlipima tansio mara ya mwisho lini?»

Ndugu zangu, swali hilo liliingia katika avenue zetu kama moto wa majani makavu. Wazazi wengine walicheka. Wengine walikasirika. Mzee mmoja alikuja kwangu akasema, «Mchungaji, watoto wa shule wanataka sasa kutufundisha sisi tuliowazaa.» Nikamwambia, «Mzee wangu, umejibu swali, au umekasirikia swali?» Akanyamaza. Hakuwa amepima hata mara moja tangu azaliwe.

Mama mmoja wa kwaya alilala na swali lile. Kesho yake akaenda kituo cha afya, akiwa hana maumivu, hana kizunguzungu, hana kitu. Wakampima: 19 kwa 11. Muganga akamketisha, akapima tena, akakuta vilevile. Mama huyo aliniruhusu niseme. Alikuwa akiimba kila Jumapili mstari wa mbele, na damu ndani yake ilikuwa ikisukuma kuta za mishipa kama maji ya mvua yanavyosukuma ukuta wa matofali mabichi. Leo anakunywa dawa, na bado anaimba.

Huyo binti ndiye msichana mdogo wa nyumba ya Naamani kwa siku zetu. Basi tusikilize alichosema, sehemu kwa sehemu.

JAMBO LA KWANZA: KOO LA MTOTO NI MLANGO WA MOYO

Wazazi wengi hawajui hili. Mtoto wa miaka 5 mpaka 15 anaumwa koo. Anashindwa kumeza, ana homa, vinundu vinavimba shingoni, tena hana mafua wala kikohozi. Mama anampa maji ya moto na chumvi, siku chache zinapita, koo linapona. Tunasema asante Bwana, tumesahau.

Makoo mengi yanapona yenyewe kweli, bila kuacha kitu. Lakini kuna koo linaloletwa na mdudu mmoja mdogo sana anayeitwa streptokoki. Huyo akiachwa bila dawa, wiki mbili au tatu baadaye mwili wa mtoto, ambao uliamka kupigana naye, unaweza kukosea njia ukaanza kujipiga wenyewe. Unapiga viungo, unapiga moyo. Goti linavimba na kuuma. Siku chache baadaye goti linapona, kifundo cha mguu kinavimba. Kisha kiwiko. Maumivu yanahama kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga.

Viungo vitapona. Lakini ile milango minne ya moyo ikipigwa mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, inakuwa migumu, inakunjamana, haifunguki vizuri wala haifungi vizuri. Mtoto aliyekuwa akikimbia na mpira sasa anapumzika mara tatu akipanda kilima cha shule. Binti anaolewa, anapata mimba, na hapo ndipo moyo unashindwa kubeba watu wawili. Wengi wanagunduliwa siku ile ya hatari.

Na dawa ya kuzuia yote haya ni nini? Ni penisilini, dawa ya zamani, ya bei ndogo. Mtoto akiipata ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, mlango huo wa hatari unafungwa. Lakini muganga ndiye anayetazama koo na kuamua, siyo mwenye duka. Usinunue vidonge viwili vitatu barabarani ukasema umetibu.

Na mtoto ambaye moyo wake umekwisha kuguswa, bado kuna tumaini. Kule kwa jirani zetu wa Uganda, upande wa kaskazini, Gulu, waganga walipima watoto wa shule kwa mashine inayoonyesha moyo ukifanya kazi. Wakafuata watoto 818 waliokuwa na dalili za mwanzo, zile ambazo macho hayawezi kuona. Nusu walichomwa sindano ya penisilini kila wiki 4, kwa miaka 2. Nusu hawakuchomwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Kwa wale wasiochomwa, karibu 8 kwa kila 100 ugonjwa uliendelea. Kwa wale waliochomwa, hakufika hata 1 kwa kila 100. Naamani alizama mara saba, hakuzama mara moja. Mzazi, muganga akisema sindano kila mwezi kwa miaka, usitoke majini mara ya tatu.

JAMBO LA PILI: SI KILA KUTIKISIKA NI PEPO

Hapa naomba mnisikilize kwa upole, hasa ninyi waombezi wenzangu.

Ugonjwa huu wa koo na moyo una dalili nyingine inayokuja mara nyingi baada ya miezi kadhaa, wakati watu wote wamesahau koo. Mtoto, na zaidi sana binti, anaanza kurusha mikono bila kutaka. Uso unajikunja. Sahani inamtoka mkononi. Mwandiko wake unaharibika, mwalimu anamchapa. Analia, anacheka, bila sababu inayoonekana. Akilala usingizi, mambo yale yanatulia. Akiamka, yanaanza tena.

Sisi tunafanya nini? Tunasema ana pepo. Wengine wanasema amerogwa, au yeye ndiye mchawi. Anafungiwa katika chumba cha maombi, ananyimwa chakula siku tatu, anapigiwa kelele. Na moyo wake, ambao tayari unaumwa, unafungiwa pamoja naye.

Mimi naamini kwamba pepo wako na kwamba Jina la Yesu linawafukuza. Sitaacha kuhubiri hivyo. Lakini Injili zenyewe zinatofautisha. Mathayo 4:24 inahesabu wagonjwa wa maradhi mbalimbali waliomjia Yesu, na wenye pepo wanatajwa peke yao. Luka, aliyeandika Injili, alikuwa tabibu, Paulo anamwita tabibu mpendwa katika Wakolosai sura ya 4. Mungu hakuchukua dawa mkononi mwa Luka ndipo ampe kalamu.

Basi tuwe na utaratibu huu: mtoto wa namna hiyo akiletwa kanisani, tumwombee siku hiyohiyo, na siku hiyohiyo apelekwe kituo cha afya. Mwombezi mwenyewe amsindikize. Asinyimwe chakula. Asipigwe. Asiitwe mchawi. Sala haiogopi kupimwa na daktari.

JAMBO LA TATU: TANSIO HAIULIZI KADI YA UBATIZO

Sisi wapentekoste tunashukuru kwamba hatuvuti tumbako na hatunywi pombe. Ni baraka kubwa kwa moyo, na vijana wetu waendelee hivyo. Lakini tansio haiulizi kadi ya ubatizo. Inaingia kwa njia nyingine: chumvi nyingi, kukaa bila kutembea, mwili kuongezeka sana, miaka kwenda, na hata ukoo, kama baba au mama alikuwa nayo.

Ubaya wake ni kwamba haina kelele. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya watu wazima wenye tansio hawajui kama wanayo. Magonjwa ya moyo na mishipa ndiyo yanayoua watu wengi kuliko magonjwa mengine yote duniani, zaidi ya milioni 17 kila mwaka. Mtu anaanguka shambani, tunasema amepigwa na mshale wa usiku. Mara nyingi mshale huo ulikuwa ndani ya mishipa miaka kumi.

Kupima ni dakika chache. Wanakufunga kitambaa mkononi, wanajaza hewa, wanasoma. Ikifika 14 kwa 9 au zaidi, na ikirudiwa siku nyingine ikabaki hivyo, una tansio. Usiogope namba. Naamani alijua ugonjwa wake, ndiyo maana alitafuta msaada.

Na jikoni, akina mama, mtusaidie. Mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, hiyo ni kama kijiko kimoja kidogo cha chai. Siyo kijiko kwa kila chungu chake. Ni kwa siku nzima, pamoja na chumvi iliyojificha ndani ya kube tunazotia katika sombe, ndani ya makayabu, na ndani ya mkate. Makayabu yaloweke, mwaga maji, loweka tena. Punguza kube. Weka kitunguu, nyanya, ndimu, pilipili. Bukari haitakukasirikia.

JAMBO LA NNE: ALIYEPONYWA ALITUMWA KUPIMWA

Sasa tufike mahali panapouma.

Fundi mmoja wa ujenzi, baba wa watoto sita, alikuwa na tansio, anakunywa dawa. Katika chumba cha maombi kimoja cha mji huu alitabiriwa kwamba amepona, akaambiwa kidonge ni ushahidi wa kutokuamini. Akatupa dawa chooni, watu wakapiga makofi. Alijisikia vizuri wiki nyingi, maana tansio haina kelele. Kisha asubuhi moja upande mmoja wa mwili wake ukakataa. Yuko hai, anatembea na fimbo. Lakini mkono uliokuwa ukipanga matofali haushiki tena mwiko, na mkubwa wa watoto wake ameacha shule.

Wapendwa, mimi nimeona Mungu akiponya. Sitamfungia Mungu mikono. Lakini nauliza: Yesu alifanya nini alipomponya mwenye ukoma katika Luka sura ya 5? Alimtuma akajionyeshe kwa kuhani. Kwa sheria ya Musa, kuhani ndiye aliyetazama ngozi na kusema mtu huyu amepona au bado. Yesu mwenyewe, aliyeponya kwa neno, alimtuma mtu wake kupimwa! Hakumwambia amini tu, usijionyeshe kwa mtu.

Basi kama umeombewa tansio, sema Amina kwa nguvu zako zote, kisha nenda ukajionyeshe. Muganga apime. Kama namba zimeshuka, yeye ndiye atakayesema tupunguze dawa au tuache, na ushuhuda wako utakuwa na nguvu mara mbili. Kama hazijashuka, endelea na dawa na endelea na sala. Shetani alimwambia Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu kwa kuwa malaika watamshika. Yesu alikataa, akasema Mungu hajaribiwi. Kutupa kidonge ili kumlazimisha Mungu ni kujitupa kutoka hekaluni. Hiyo si imani ya Yesu.

Mfalme Hezekia aliomba na kulia, Mungu akamsikia, akamwongezea miaka 15. Na bado Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Sala na tini katika sura moja, 2 Wafalme 20. Nani amewatenga?

JAMBO LA TANO: MSIMZIME MTOTO ANAYEULIZA

Wengi tunamjua Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kipentekoste. Daktari amesimulia mwenyewe kwamba alipokuwa mtoto alikwenda na baba yake kumwombea mtoto mgonjwa. Baada ya sala akamwuliza baba yake kwa nini hakumpa mtoto yule dawa, kama anavyompa yeye akiwa mgonjwa. Baba akamweleza kwamba yeye si muganga, kazi yake ni kuomba. Mtoto akaamua: mimi nitakuwa muganga, baba ataomba, mimi nitatoa dawa.

Tazameni swali hilo la mtoto limefika wapi. Hospitali ya Panzi ilianzishwa mwaka 1999, na wanawake maelfu na maelfu wamepona ndani yake. Kama mchungaji yule angempiga mtoto kofi kwa kukosa imani, leo tungekuwa na nini? Hakumpiga. Alimjibu kwa kweli: mimi nina sehemu yangu, na kuna sehemu nyingine. Wachungaji wenzangu, tujifunze kusema hivyo: hii si sehemu yangu, nenda kwa mwenye sehemu hiyo, nami nitaomba nyuma yako.

Na ninyi vijana wa shule, msijidharau. Msichana wa nyumba ya Naamani hakuwa na diploma. Alijua jambo moja la kweli, na alilisema kwa heshima, kwa kumpenda hata mtu aliyemshika utumwani. Hakumdharau bibi yake, hakujisifu. Nendeni nyumbani kwa roho hiyo. Mkimwuliza baba juu ya tansio, mwulizeni kama watoto wanaotaka baba yao aishi.

TUFANYE NINI WIKI HII?

Kila mtu mzima apime tansio kabla ya Jumapili ijayo. Mume ampeleke mke, mke ampeleke mume. Mtoto mwenye koo na homa apelekwe kituo cha afya, asisubiri. Mtoto ambaye viungo vyake vinavimba kwa kuhama, au anayechoka kupita wenzake, apelekwe leo. Mwenye dawa aliyeiacha arudi kwa muganga wake bila aibu, asianze peke yake vidonge vya zamani. Na tutembee kwa miguu kwenda ibadani, wenye nguvu za kutembea. Nusu saa kwa siku ni zawadi kwa moyo.

Najua wengine watasema, Mchungaji, pesa. Ni kweli. Kwa hiyo naomba mashemasi katika kila kanisa waweke sehemu ndogo ya sadaka ya wajane kwa ajili ya dawa. Mjane aliyeokolewa kifo ni bora kuliko maua mengi juu ya kaburi lake.

Tuombe.

Baba yetu wa mbinguni, wewe uliyeumba moyo huu na kuupa pigo lake la kwanza tumboni mwa mama zetu, tunakushukuru. Utusamehe tulipofunga masikio kwa sababu aliyesema alikuwa mdogo. Waponye wagonjwa wanaotusikiliza saa hii. Wape waganga wetu hekima na dawa. Mkumbuke yule fundi na watoto wake. Wabariki wanafunzi wetu, uwape maneno ya uzima, nasi utupe masikio. Katika Jina la Yesu Kristo.

Amina.